Huduma za Muziki Mtandaoni kwa Msikilizaji na kwa DJ: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu msikilizaji wa kila siku, anayesikiliza muziki ndani ya daladala, jikoni au ofisini, na yanamhusu pia DJ anayepiga muziki kwenye harusi, sendofu, baa na sherehe za mitaani. Mara nyingi hao wawili huwa ni mtu mmoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu huduma inayomfaa saa nne asubuhi inaweza kumwangusha saa nne usiku mbele ya ukumbi uliojaa watu. Bei hatukuzitaja kwa wingi, kwa kuwa hubadilika kila mara na hutofautiana baina ya nchi na nchi.

Ni huduma ipi iliyo bora kuliko zote?

Kwa kusikiliza tu, tofauti baina ya huduma kubwa ni ndogo kuliko matangazo yao yanavyodai. Spotify, Apple Music, YouTube Music, Deezer na Tidal zina karibu nyimbo zilezile za kimataifa, kwa kuwa zote hupokea muziki kutoka kwa kampuni zilezile za kurekodi na wasambazaji walewale. Kinachozitofautisha ni wingi wa muziki wa nyumbani, matumizi ya bando, namna ya kulipa, na wepesi wa kumletea msikilizaji wimbo asioujua jina lakini atakaoupenda.

Kwa DJ, tofauti ni kubwa, na swali lenyewe hubadilika. DJ haulizi ni huduma gani yenye nyimbo nyingi, bali anauliza ni ipi itakayofunguka ndani ya programu yake ya kuchanganyia muziki, ipi itakayoendelea kucheza mtandao ukikatika, na ipi ambayo masharti yake hayamkatazi kufanya kazi anayolipwa. Msimamo wetu tunautoa mapema: chagua huduma moja kwa ajili ya masikio yako, lakini muziki unaolipwa kuupiga uwe mafaili yako mwenyewe, na huduma za mtandaoni ziwe za kuzibia pengo.

Ni zipi zinazopatikana rasmi Afrika Mashariki?

Apple Music ilipoanza mwaka 2015, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo, ilhali Tanzania, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisubiri hadi Aprili 2020. Spotify, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2006, ilifika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi mwezi Februari 2021, na Kongo baadaye mwaka huohuo. Tidal iliingia Uganda mwaka 2018 kwa ushirikiano na kampuni ya simu ya MTN.

Mbali na hizo, zipo huduma zilizojengwa kwa kulilenga soko la Afrika tangu mwanzo. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 ikiwa programu inayokuja tayari ndani ya simu za TECNO, na njia hiyo ndiyo iliyoipa wasikilizaji wengi Kenya na Tanzania kabla Spotify haijagonga hodi. Mdundo ilizaliwa Nairobi, na mwaka 2020 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la hisa mjini Copenhagen. Nguvu yake ni kupakua nyimbo na miksi za ma-DJ kama mafaili ya MP3, hata kwa mtu mwenye simu ya bei ya chini. Audiomack, ya New York, ilipendwa Afrika kwa sababu iliruhusu kupakua na kusikiliza bila mtandao hata kwa asiyelipia.

Nataka Bongo Fleva, singeli, taarabu na zilipendwa. Nitazipata wapi?

Bongo Fleva mpya utaipata kila mahali. Msanii mwenye msambazaji wa kidijitali hutoa wimbo wake katika huduma zote kwa siku moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhama huduma kwa ajili yake.

Singeli ina njia zake. Nyingi hurekodiwa katika studio ndogo za Dar es Salaam, kwenye maeneo kama Mburahati, Tandale na Manzese, na mara nyingi huanza kusambazwa kwa simu, kwa flashi na kwa YouTube kabla hazijapata msambazaji rasmi, na nyingine hazimpati kamwe. Audiomack na Boomplay huwa na singeli nyingi kuliko huduma za Ulaya na Marekani, kwa kuwa msanii anaweza kupandisha kazi yake mwenyewe bila kupitia mlolongo mrefu. Mwenye kutaka singeli yenye ubora wa sauti unaostahili spika kubwa atazame pia Bandcamp, ambako lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala huuza kazi za studio ya Sisso na nyinginezo kwa mafaili kamili.

Taarabu hupatikana kwa mafungu. Kazi za vikundi vya Zanzibar zilizorekodiwa kwa ajili ya soko la nje zimeorodheshwa vizuri, zikiwa na majina ya waimbaji na miaka. Taarabu ya kisasa ya Dar es Salaam, ile inayojaza kumbi, imetawanyika: wimbo mmoja unaweza kuwa na majina matatu, ukapandishwa na watu wanne tofauti, na pengine hakuna hata mmoja kati yao mwenye haki nao. Anayeitafuta atumie jina la mwimbaji pamoja na jina la kikundi, kwa maana jina la wimbo peke yake halitoshi.

Zilipendwa ndizo zenye pengo kubwa. Muziki wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980, wa bendi kama Msondo Ngoma na Mlimani Park, ulirekodiwa kwa sehemu kubwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zake zikabaki katika maktaba ya redio hiyo, ambayo leo iko chini ya shirika la utangazaji la taifa, TBC. Sehemu ndogo tu ilitolewa kama santuri na baadaye kama sidii, na sehemu hiyo ndiyo inayoonekana zaidi katika Spotify na Apple Music. Nyimbo nyingine zinapatikana YouTube tu, zikiwa zimenaswa kutoka kaseti iliyochakaa. Kwa upande wa rumba ya Kongo hali ni bora, kwa sababu santuri zake zilichapishwa kwa wingi Kinshasa, Brussels na Paris, na warithi wa lebo hizo wamezirudisha sokoni.

Kusikiliza muziki mtandaoni kunakula bando kiasi gani?

Hesabu yake ni rahisi, na anayeielewa hawezi kushangazwa na ujumbe wa kuishiwa. Ubora wa sauti hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Kwa kilobiti 24, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa cha Spotify, saa moja hutumia karibu megabaiti 11. Kwa kilobiti 96 ni megabaiti 43, kwa 160 ni megabaiti 72, na kwa 320 ni megabaiti 144. Maana yake ni kwamba gigabaiti moja humtosha msikilizaji wa kiwango cha 96 kwa zaidi ya saa 20, wakati wa kiwango cha 320 huimaliza kabla ya saa saba kutimia.

Sauti isiyopunguzwa, yaani ile inayolingana na sidii au kuizidi, ni jambo jingine kabisa. Saa moja ya sauti ya kiwango cha sidii katika umbo la FLAC hutumia takribani kati ya megabaiti 300 na 450, kutegemea aina ya muziki, na kiwango cha juu kabisa cha Apple Music na Tidal, cha biti 24 na kilohezi 192, kinaweza kuzidi gigabaiti mbili kwa saa. Mwenye kutumia bando la simu akiwasha kiwango hicho kwa bahati mbaya atajuta kabla ya jioni.

Kinachowaumiza wengi si huduma za muziki bali ni kusikiliza nyimbo kwa njia ya video za YouTube huku simu ikiwa mfukoni. Picha ambazo hakuna anayezitazama hula bando mara kadhaa zaidi ya sauti. Kama YouTube ndiyo chaguo lako, shusha ubora wa video hadi wa chini kabisa, au tumia YouTube Music kwa sauti peke yake.

Dawa ya kudumu ni kupakua ukiwa kwenye waifai. Spotify humruhusu mlipaji kuhifadhi hadi nyimbo 10,000 katika kila kifaa, kwa vifaa visivyozidi vitano, kwa sharti la kuingia mtandaoni angalau mara moja katika kila siku 30.

Je, nitasikia tofauti nikichagua sauti isiyopunguzwa?

Ukiwa unatumia vipokea sauti vya Bluetooth vya kawaida, hapana. Bluetooth yenyewe huibana sauti upya kabla ya kuirusha, kwa hiyo faili la biti 24 lililokula bando lako halifiki sikioni kama lilivyotoka. Kwa vipokea sauti vya waya, kifaa kizuri cha kugeuza sauti na chumba kimya, baadhi ya watu husikia tofauti ndogo katika sauti za juu na katika mwangwi wa chumba cha kurekodia. Kati ya kilobiti 320 na FLAC, wengi hushindwa kuzitambua wasipoambiwa ni ipi.

Apple Music ilitoa sauti isiyopunguzwa mwaka 2021 bila kuongeza bei, Tidal iliunganisha vifurushi vyake mwaka 2024 hivyo kila mlipaji akaipata, na Spotify ikafuata Septemba 2025 kwa kiwango cha biti 24 na kilohezi 44.1. Kwa DJ jambo hili lina uzito kidogo zaidi, kwa sababu faili lililobanwa sana, likipunguzwa au kuongezwa kasi kisha likapigwa kwenye spika za ukumbi, huonyesha kasoro ambazo simu huzificha. Kwake, kilobiti 320 ndicho kiwango cha chini tunachokubali.

Nyimbo nilizozibadili kutoka YouTube kuwa MP3 zinafaa kupigwa ukumbini?

Hazifai. Tovuti za kubadilisha huandika kilobiti 320 juu ya faili, lakini sauti ya YouTube imekwisha kubanwa kabla haijafika kwao, mara nyingi kwa kilobiti 128 hadi 160, na kuiandika upya kwa namba kubwa hakurudishi kilichopotea. Ukumbini utaisikia kwa matoazi yanayosikika kama mchanga na besi isiyo na umbo. Zaidi ya hayo, kufanya hivyo ni kinyume cha masharti ya YouTube na ni kuchukua kazi ya mtu bila kumlipa. Tunalisema hili tukijua kwamba flashi nyingi za ma-DJ wa mitaani zimejazwa kwa njia hiyohiyo.

Ninawezaje kulipia kama sina kadi ya benki?

Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha kadi pepe ya M-Pesa kwa ushirikiano na Visa mwezi Juni 2022, na kadi hiyo hukubaliwa na huduma nyingi za nje. Tanzania na Uganda nako kampuni za simu hutoa kadi pepe zinazojazwa kutoka kwenye pesa za mkononi. Angalia makato ya kubadilisha fedha, kwa kuwa kifurushi kinachotozwa kwa dola kinaweza kupanda bila huduma yenyewe kupandisha bei, na weka kikumbusho cha tarehe ya kukatwa, maana salio lisipotosha huduma hukatika au hurudi kuwa ya bure, na nyimbo ulizopakua hufungwa. Boomplay na Mdundo ndizo nyepesi zaidi hapa, kwa sababu ya uhusiano wao na mitandao ya simu.

Ni huduma zipi zinazofunguka ndani ya programu za DJ?

Hapa historia inasaidia kuelewa. Kwa miaka kadhaa Spotify ilikuwa ndani ya programu ya djay, na ma-DJ wengi wa sherehe walijenga orodha zao humo. Tarehe 1 Julai 2020 Spotify ilifunga mlango huo kwa programu zote za DJ, na waliokuwa hawana mafaili yao wakaamka mikono mitupu. Mlango ukafunguliwa tena Septemba 2025, safari hii kwa rekordbox, Serato na djay, kwa walipaji wa Premium katika nchi 51, yaani si katika kila nchi ambamo Spotify ipo. Kabla ya kulipia kwa ajili ya kazi, fungua programu yako ya DJ na ujaribu kuingia kwa akaunti ya nchi unayoishi.

Apple Music iliingia djay mwaka 2024, na Machi 2025 ikafika Serato, rekordbox na mashine za Denon DJ, Numark na RANE. Kwa DJ wa Tanzania, Kenya au Kongo, hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi, kwa kuwa huduma yenyewe iko nchini kwake kihalali na katalogi yake ya muziki wa Afrika ni pana.

Tidal imekuwa kipenzi cha ma-DJ kwa miaka mingi kwa sababu ya ubora wa sauti, lakini tangu mwaka 2024 kuitumia ndani ya programu za DJ kunahitaji nyongeza ya malipo juu ya kifurushi cha kawaida. SoundCloud ina kifurushi maalumu cha ma-DJ, na thamani yake iko katika rimiksi na matoleo ya vijana ambayo hayapatikani kwingine. Beatport, iliyoanza Denver mwaka 2004 kama duka la muziki wa klabu, ina huduma ya kutiririsha iliyotengenezwa kwa ajili ya ma-DJ pekee. Nyimbo zake huja na mapigo na ufunguo wa sauti ulioandikwa, na matoleo marefu yenye utangulizi wa ngoma. Kwa mpigaji wa amapiano na afro house Beatport ni hazina. Kwa mpigaji wa harusi ya Kichaga au Kiluhya haitamfikisha mbali.

Boomplay, Audiomack, Mdundo na YouTube Music tusizitarajie ndani ya programu kubwa za DJ. Hizo ni za kusikiliza, na Mdundo ni ya kusikiliza na kupakua.

Nimepakua nyimbo katika Spotify au Apple Music. Je, naweza kuzipiga ukumbini bila mtandao?

Hili ndilo swali linaloleta aibu nyingi zaidi kazini, na jibu lake ni hapana. Wimbo uliopakuliwa ndani ya Spotify au Apple Music umefungwa kwa ufunguo wa huduma yenyewe, na ni programu ya huduma hiyo tu inayoweza kuufungua. Serato au rekordbox haiwezi kuuona hata kama upo ndani ya kompyuta hiyohiyo. Programu ya DJ huvuta wimbo upya kutoka mtandaoni kila unapouweka, kwa hiyo ukumbi wenye kuta nene, kijiji chenye mnara mmoja wa simu, au wageni mia tatu wanaorusha video za bibi harusi kwa wakati mmoja, wote wanaweza kukuachia ukimya katikati ya shughuli.

Huduma za ma-DJ zimelifikiria jambo hili. Vifurushi vya juu vya Beatport humruhusu DJ kuhifadhi idadi fulani ya nyimbo kwa matumizi bila mtandao, na kifurushi cha DJ cha SoundCloud kinafanya vilevile, ilimradi programu unayotumia inakubali. Hata hivyo, hifadhi hiyo hudumu kadiri unavyolipia: DJ anayetegemea huduma ya mtandaoni peke yake ni mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli bila kumshauri.

Kwa hiyo, kwa shughuli ya kulipwa, nunua nyimbo za lazima. Duka la iTunes, Bandcamp na Beatport huuza faili moja moja, na zipo hazina za muziki za ma-DJ kama BPM Supreme na DJcity, ambako mwanachama hupakua mafaili halali, yakiwemo matoleo yasiyo na matusi, jambo ambalo mama wa bwana harusi atalithamini. Wimbo wa kuingilia maharusi, wa kukata keki, wa kufungulia muziki na wa kutoa zawadi usiuache mikononi mwa mtandao. Huduma ya mtandaoni iwe ya kujibu maombi: mjomba anapokuja na kutaka rumba ambayo hukuijua, unaitafuta, unaijaribu kwenye vipokea sauti, kisha unaipiga.

Je, naweza kurekodi miksi au kuhamisha nyimbo za mtandaoni kwenye flashi?

Kwa kawaida hapana kwa yote mawili. Serato na djay huzima kitufe cha kurekodi unapotumia nyimbo za huduma za mtandaoni, na rekordbox haikuruhusu kuzipeleka kwenye flashi kwa ajili ya kuzipiga katika mashine za ukumbini. Baadhi ya huduma huzuia pia kazi ya kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala. Anayetaka kutengeneza miksi za kupandisha mtandaoni hana budi kuwa na mafaili yake.

Mashine zinazojitegemea zimepunguza shida kidogo. Mashine za Denon DJ zinazotumia programu ya Engine huunganishwa na waifai na kuvuta muziki wa Tidal, SoundCloud au Beatport bila kompyuta, lakini waifai yenyewe bado inahitajika.

Kwa nini programu hukosea mapigo ya singeli na ya dansi ya zamani?

Programu za DJ hutafuta mapigo ndani ya mipaka iliyowekwa, na mipaka ya kawaida haifiki kasi ya singeli, ambayo huanzia takribani mapigo 200 kwa dakika na inaweza kukaribia 300. Wimbo wa mapigo 224 utaandikwa 112. Kosa hilo wakati mwingine huwa ni neema, kwa sababu 112 ni kasi ileile ya amapiano, na DJ mwenye sikio anaweza kutoka amapiano na kuingia singeli bila kugusa kasi, huku ukumbi ukilipuka. Faili likiwa lako, unaweza kurekebisha gridi yake, yaani mistari inayoonyesha kila pigo linapoangukia, kwa utulivu nyumbani na kuihifadhi pamoja na alama zako. Kwa nyimbo za mtandaoni alama hizo hutegemea programu na akaunti, na wimbo ukiondolewa kwenye katalogi kazi yako yote huondoka nao.

Dansi ya zamani na rumba zina tatizo la kinyume. Zilirekodiwa na bendi nzima ikipiga kwa pamoja, bila kipima mapigo, kwa hiyo kasi hupanda kadiri wapigaji wanavyopata moto. Hakuna gridi iliyonyooka inayoweza kuzifuata. Zima usawazishaji wa mashine, changanya kwa sikio, na weka alama mwanzo wa sebene, kwa kuwa hapo ndipo wachezaji wanapopasubiri, na wimbo wenyewe unaweza kuwa na dakika nne za mashairi kabla ya kufika huko. Taarabu ya kisasa, yenye nyimbo zinazozidi dakika kumi, haichanganywi hata kidogo. Huachwa imalizike, na DJ hupata nafasi ya kula pilau.

Nikilipia huduma, nina haki ya kupiga muziki huo hadharani?

Malipo ya kila mwezi ya Spotify au Apple Music ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, na masharti yao yanasema hivyo bayana. Haki ya kupiga muziki hadharani ni jambo tofauti, linaloshughulikiwa na sheria za nchi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, na Zanzibar ina taasisi yake, COSOZA. Kenya ina Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ambayo huvipa leseni vyama vinavyokusanya mirabaha, na Uganda ina UPRS.

Kwa kawaida leseni ya ukumbi au baa hulipwa na mwenye ukumbi, na DJ wa sherehe za kukodiwa anapaswa kuuliza kabla ya siku yenyewe. Zingatia kwamba leseni hiyo haibadilishi mkataba wako na huduma ya mtandaoni: ukumbi unaweza kuwa umelipa kila kitu, na bado akaunti yako ikawa imevunja masharti. Faili lililonunuliwa huondoa sehemu kubwa ya utata huo.

Msanii anapata chochote ninaposikiliza?

Anapata, lakini kidogo, na si kwa kila wimbo. Tangu mwaka 2024, wimbo wa Spotify usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mrabaha wa rekodi, sharti linalowagusa moja kwa moja wasanii wadogo wa taarabu na singeli. Apple ilieleza mwaka 2021 kwamba hulipa kwa wastani senti moja ya dola kwa kila usikilizwaji, fedha ambayo hugawanywa baina ya wenye haki kabla ya kumfikia mwimbaji. Kununua faili Bandcamp humpa msanii au lebo yake zaidi ya asilimia 80 ya bei. Kama kuna msanii ambaye nyimbo zake unazipiga kila Jumamosi na kulipwa kwa ajili yazo, kununua kazi yake ni haki yake.

Nikihama huduma, orodha zangu zitapotea?

Huduma kama Soundiiz huhamisha orodha kutoka Spotify kwenda Apple Music, Tidal, Deezer na nyinginezo, kwa kulinganisha jina la wimbo na la msanii. Nyimbo za kimataifa huhamia karibu zote. Za Kiswahili huleta taabu, kwa sababu jina lilelile huandikwa kwa namna tofauti, msanii aliyeshirikishwa hutajwa hapa na kuachwa kule, na wimbo wa bendi huhesabiwa mara kwa bendi, mara kwa mtunzi. Baada ya kuhamisha, pitia orodha mwenyewe, hasa nyimbo za zamani, uangalie kama kilicholetwa ni rekodi ya asili au ni ya bendi nyingine iliyoirudia. Orodha za kazini zihifadhi pia kama maandishi ya kawaida, yenye jina la wimbo, msanii, mwaka na urefu wake, kwa kuwa urefu ndio utakaokusaidia kutambua toleo sahihi.